Maswali ya Wasomaji: Mbwa mwitu na lechwe majini

SWALI: Ndugu mhariri, katika video ya Okavango, kule Botswana, niliona mbwa mwitu wakifukuza lechwe, yule swala wa majimaji, kisha wakasimama ukingoni mwa maji na kumwacha aende. Mbona mnyama hodari hivyo ashindwe na maji ya magotini? — Msomaji, Kamalondo, Lubumbashi

JIBU: Ndugu yetu, tazama kwato kwanza. Za lechwe ni ndefu na hupanuka, kwa hiyo hazizami sana kwenye tope. Miguu yake ya nyuma ni mirefu kuliko ya mbele, naye hupita majini kwa kuruka. Mbwa mwitu ana kilo 20 hadi 30 na miguu myembamba. Maji yakimfika kifuani, mwendo umekwisha. Tena mamba wapo, naye anajua.

Nchi kavu mambo hugeuka. Huko lechwe si mkimbiaji wa kutisha, ilhali mbwa hupita kilomita 60 kwa saa. Ndiyo maana lechwe hula karibu na maji, na mbwa hufaulu wakimkuta mbali nayo, hasa alfajiri au jioni, wakamkatia njia ya kurudi. Yule wa video alikuwa ameshawahi kufika majini, basi. Kuendelea kumfukuza ni kupoteza nguvu bure.

Na hatuhitaji kwenda Botswana kumtafuta lechwe: bonde la Upemba, hapa hapa Katanga, lina aina yake, iliyopewa jina la kisayansi mwaka 2005.