Maganda hayangoji

Wadogo zangu mnaokuja staji kwenye atelie zetu za juisi hapa Bukavu, kujifunza kupata kitu cha maana kwenye maganda ya matunda, najua mnataka kuanzia kwenye chupa za maabara. Anzeni kwenye gunia la maganda, na muulize yalikatwa saa ngapi.

Mimi nilianza na marakuja. Ukishaikamua, karibu nusu ya uzito wake inabaki ganda, nasi tulikuwa tunamwaga. Kumbe humo mna pektini, ile inayogandisha konfitiri. Jumamosi moja niliacha magunia mawili hadi Jumatatu. Nilikuta yananuka pombe, na nilipoyapika nikapata maji maji tu. Tunda lina vimeng'enya vyake vinavyoanza kuikata pektini mara kisu kinapoingia, halafu kuvu inamalizia. Siku hizi, tunda likikamuliwa, ganda linaoshwa, linakatwa vipande, linatumbukizwa kwenye maji ya moto dakika tano, ndipo linaanikwa. Mvua zetu, Septemba hadi Mei, hazina huruma na vya kuanika, kwa hiyo uwe na kikaushio. Kama huna, pika siku ile ile.

Kupika kwenyewe si kazi ngumu. Maji yenye asidi ya sitriki, pH (kipimo cha ukali wa asidi) karibu 2, nyuzi 80 hadi 90, kama saa moja. Mji wetu uko kwenye mita 1,500 hivi, maji yanachemka yakifika nyuzi 95 au karibu yake, kwa hiyo ukiona yanatokota umekwisha kupita. Punguza makala jikoni. Moto mwingi unaivunja pektini ile ile uliyoifuata. Chuja ingali moto, acha ipoe, kisha mimina alkoli mara mbili ya ujazo wake. Kitakachoelea kinafanana na kamasi. Ndicho hicho, usikimwage.

Alkoli sasa. Kuna atakayewaambia kanyanga, ile pombe kali ya kienyeji, inatosha, na mimi niliamini. Haina nguvu: ikichanganyika na yale maji inazidi kupungua, na pektini inabaki imeyeyuka humo. Tafuteni ya digrii 95 famasi. Kwa kuwa ni ghali, jaribuni kwanza kijiko kimoja cha mchujo kwa viwili vya alkoli. Kisipojikusanya, msifungue chupa ya pili. Na babula, yaani jiko la makala, izimwe kabisa kabla hamjafungua hata ya kwanza, maana mvuke wake unarukia moto.

Mtaona pia maganda ya nanasi za kisiwa cha Idjwi, mtamani bromelaini, kimeng'enya cha nanasi kinacholainisha nyama. Ile ni protini, moto wa nyuzi 70 unaiua, inataka ubaridi tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa umeme huu unaokatika usiku, mimi nimeiacha kwanza. Msichanganye maganda yake na ya marakuja kwenye sufuria moja kwa kufikiri mtapata vyote viwili. Mwenzangu alifanya hivyo, na jioni tulikuwa na sufuria ya kubeba kwenda kwenye lundo la mbolea.