Aina za mmenyuko bila maabara

Mwl wa Mbozi uliyeuliza namna ya kufundisha aina za mmenyuko wa kemikali, kama maabara hamna usianze na kuwakaririsha majina, nenda duka la pembejeo chukua mrututu (kopa salfeti, chumvi ya shaba ya bluu) kidogo, ule ule wa kwenye kahawa, koroga na maji kwenye kopo la plastiki linaloonyesha, tumbukiza msumari usio na kutu, baada ya muda wanaona wenyewe msumari umevaa shaba na ile bluu inapauka, hapo ndo unawaambia chuma kimeifukuza shaba. Ni sumu lakini, wanawe mikono.

Kutengana na kuungana tumia chokaa tu: mawe kama ya kule Songwe yakichomwa sana yanatoa kaboni dayoksaidi, hapo ni kutengana, kinachobaki ukikimwagia maji kinaungana nayo na kuchemka balaa, simama mbali aisee.

Mmenyuko wa kubadilishana pande mbili, yaani kampaundi mbili zinabadilishana sehemu zao, weka mwisho.