Mji wa LEGO unaowaka taa: anza na vyumba vya giza

Wageni wakiona mtaa wangu wa LEGO, yale matofali madogo ya plastiki ya kuchezea, unawaka, huuliza nimetumia taa ngapi. Kama na wewe unataka kuwasha wako, ningekushauri ujiulize jambo jingine kwanza: saa mbili usiku, nani yuko nyumbani na nani hayupo? Mtaa unaowaka kila dirisha unaonekana kama duka la taa. Kwenye jengo langu la ghorofa tatu vinawaka vyumba viwili tu, na duka la chini. Ghorofa ya juu kabisa ni giza tupu, na ndiyo inayofanya dirisha la chini yake livutie macho.

Rangi ya mwanga nayo si ya kubahatisha. LED nyeupe, vile vitaa vidogo vya umeme, ziko za aina mbili: yenye umanjano na ile kali yenye ubuluu. Ya manjano iweke sebuleni na vyumbani. Kali ipeleke duka la dawa na kituo cha mafuta, maana hata mitaani kwetu ndivyo ilivyo. Chumba chenye TV kinatosha LED moja ya buluu hafifu iliyogeuziwa ukuta. Kwenye jiko la mishkaki nimetumia LED ya mshumaa wa bandia, ile inayochezacheza yenyewe, nikaifunika kwa vitofali vya duara vya rangi ya chungwa vinavyopitisha mwanga. Watoto wa jirani wanapenda hilo jiko kuliko mji wote uliobaki.

Sasa ukali wa mwanga. Wengi huunga LED, zikawaka sana, wakadhani ndiyo kazi imekwisha. Chumba cha LEGO kina upana wa sentimita chache. Hakihitaji mwanga wa kusomea. Mimi natumia umeme wa volti 5 wa chaja ya simu. LED nyeupe hula volti 3 hivi, zinabaki 2 za kumezwa na rizista, kile kipande kidogo kinachopunguza umeme. Ukiweka rizista ya omu 470 utapata kama miliampea 4, na hiyo inatosha sana. Kwa chumba cha kulala naweka omu 1,000, mwanga unashuka hadi nusu. Kila LED iwe na rizista yake. LED nyekundu hula volti 2 tu, kwa hiyo ukiiunga sambamba na nyeupe kwenye rizista moja, nyekundu itawaka na nyeupe itakaa kimya, nawe utahangaika kutafuta waya uliokatika wakati hakuna.

Seti za taa zilizotengenezwa kwa ajili ya LEGO zinauzwa mtandaoni, na ni nzuri, ila nyingi zimepimwa kwa jengo moja maalumu. Ukijenga la kichwani mwako utaishia kukata na kuunga. Lile tofali la taa linalokuja ndani ya baadhi ya seti za LEGO lenyewe huwaka ukilibonyeza tu, kwa mji halifai.

Waya ndio utakaokula muda wako. Tafuta waya mwembamba wa shaba wenye vanishi, unene wa milimita 0.1 au 0.2, mafundi wanaosuka mota wanaujua, na hata transfoma ndogo ya redio mbovu inao. Vanishi ndiyo inayozuia shoti, lakini pia inazuia risasi ya kulehemu kushika, hivyo ncha lazima uikwangue. Laza ncha juu ya kipande cha mbao, pitisha wembe taratibu huku ukiizungusha, mpaka rangi ya kahawia igeuke shaba inayong'aa pande zote. Ukikwangua upande mmoja tu, risasi itaonekana imeshika, na kesho kutwa taa itaanza kuzimika ukigusa ukuta.

Kati ya kinundu na kinundu, vile vya duara vilivyo juu ya tofali, pana nafasi ya milimita 3.2. Waya upite hapo, kamwe usipite juu ya kinundu. Tofali likikaa vizuri utalisikia likibana. Likibaki limeinuka kidogo upande mmoja, usilikandamize. Linyanyue, waya umepanda mahali usipotakiwa. Na jenga ukuta huku waya ukiwa tayari umelazwa. Kupenyeza waya kwenye nyumba iliyokwisha ni adhabu. Kila ghorofa achia waya wa ziada nyuma, angalau sentimita kumi, ili uweze kuifungua bila kung'oa kitu.

Kabla ya kuweka paa, zima taa ya chumbani kwako uangalie. Kuta nyeupe na za manjano zinavuja mwanga, nyumba nzima inang'aa kama taa ya kandili. Nyeusi na kijivu kilichokoza havina shida hiyo. Dawa yake ni kuongeza safu ya matofali meusi kwa ndani, au karatasi nyeusi. Karatasi ya fedha ya jikoni nayo inazuia mwanga, lakini inapitisha umeme, kwa hiyo mimi siitumii karibu na maungio. LED igeuze itazame dari, isitazame dirisha.

Kila nyumba iwe na plagi yake ndogo ya pini mbili inayotokea nyuma, zote ziingie kwenye waya mkuu mmoja. Andika jina la nyumba kwenye kila plagi, maana zote zinafanana. LED arobaini za miliampea 4 hazifiki hata robo ya uwezo wa chaja ya ampea 1. Nilitamani kutumia pawabanki ili mji uwake hata umeme ukikatika, lakini nyingi hujizima zikiona mzigo ni mdogo sana. Kiboksi cha betri tatu za AA, volti 4.5, kinafanya kazi na rizista zilezile. Betri za duara za saa usiziweke kwenye nyumba yenye mtoto mdogo. Akimeza moja inaunguza koo. Na umeme wa ukutani usiingie mjini kabisa, uishie kwenye chaja.

Ukitaka kupiga picha, kamera ya simu itajitahidi kuling'arisha giza na madirisha yataungua kuwa meupe. Gusa dirisha linalowaka kwenye kioo cha simu, shusha mwanga mpaka uone rangi ya pazia, halafu egemeza simu mahali. Mkono hautulii vya kutosha.