Padre Damien hakuwa mzembe

Ndugu, umeuliza kama Padre Damien, mmisionari Mkatoliki kutoka Ubelgiji, aliambukizwa ukoma kule kisiwa cha Molokai, Hawaii, kwa uzembe wake, na kama alihudumu peke yake.

Kalaupapa, mahali alipohudumu kisiwani humo, ni rasi iliyozungukwa na bahari pande tatu, na upande wa nne imezibwa na genge refu, ndiyo maana ufalme wa Hawaii ulianza kuwatenga wagonjwa huko mwaka 1866. Mbelgiji huyo alifika Mei 1873, mwaka uleule ambao Hansen wa Norway aligundua kimelea cha ukoma, hivyo ni vigumu kumlaumu kwa kutojua jambo ambalo hata matabibu walikuwa ndiyo kwanza wanalibaini. Alifunga vidonda, akachonga majeneza, akachimba makaburi, na akala poi, ambayo ni kama ugali laini wa magimbi, kwa vidole katika bakuli moja na wagonjwa. Kwa watu waliokwisha kutupwa na jamaa zao, kulikataa bakuli hilo kungekuwa tusi. Alifariki 15 Aprili 1889, akiwa na miaka 49.

Peke yake hakuwa. Joseph Dutton, askari wa zamani wa Marekani, alifika 1886. Mtawa Mama Marianne Cope alihamia huko 1888 na kubaki hadi alipofariki 1918, bila kuambukizwa, kwani watu wengi wana kinga ya asili. Sheria ya kutenga wagonjwa ilifutwa 1969. Hapa Dar es Salaam, kwenye pantoni ya Kigamboni, bado nasikia abiria wakipunguza sauti wanapotaja Nunge, makazi ya watu waliougua ukoma, ingawa dawa mseto za ukoma hutolewa bure na mgonjwa huacha kuambukiza mapema baada ya kuzianza.