Kwa unayekwenda Kongo kulinda amani, na Kiswahili chako

Nilikuwa mkalimani mashariki mwa Kongo kwa miaka kadhaa, nikipanda magari ya doria kwenda vijiji vya Kivu Kaskazini. Kila nikisikia Watanzania au Wakenya wapya wanajiandaa kwenda huko, natamani mtu akae nao kitako kabla hawajapanda ndege. Semina zitakufundisha sheria, ramani na redio za mawasiliano. Mimi nataka nikuambie habari za watu utakaowakuta.

Anza kwa kujua kwamba si wewe wa kwanza kufika. Kofia za bluu, yaani walinda amani wa Umoja wa Mataifa, ziko Kongo tangu 1999, kwanza kwa jina la MONUC, kisha MONUSCO kuanzia Julai 2010. Kijana wa miaka 20 wa Rutshuru hajaishi mwaka hata mmoja bila walinda amani nchini mwake, na hajaishi mwaka hata mmoja bila vita. Atakuuliza mmekuja kufanya nini, na ana haki ya kuuliza. Usimjibu kwa hasira.

Ujue pia habari za mji wa Kiwanja, Kivu Kaskazini. Novemba 2008 waasi wa CNDP waliua watu wapatao 150 katika mji huo, na kambi ya walinda amani ilikuwa karibu, haifiki hata kilomita moja. Halafu Novemba 20, 2012, waasi wa M23 wakaingia Goma huku askari wa Umoja wa Mataifa wakiwa mjini. Ndiyo maana Machi 2013 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 2098 na kuunda brigedi maalumu ya kushambulia, yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, kamanda wake wa kwanza akiwa Jenerali James Mwakibolwa wa Tanzania. Kufikia Novemba mwaka huo M23 walikuwa wamefurushwa. Miezi ile, Mtanzania akipita barabarani alipungiwa mkono. Lakini usiende ukitegemea sifa hizo. Januari 2025 M23 waliichukua tena Goma, wakiungwa mkono na jeshi la Rwanda, na aliyempungia mkono baba yako mdogo mwaka 2013 huenda leo ameshakimbia nyumba yake mara tatu.

Sasa Kiswahili. Utafika ukidhani lugha ni yenu wote, kazi imekwisha. Mimi nilidhani hivyo, na kosa langu bado linaniuma. Katika kijiji kimoja upande wa Beni, mzee alituambia wabaya watafika "nyuma ya soko". Nikatafsiri kwa afisa kama ningesikia Dar es Salaam: watatokea mgongoni mwa soko. Doria ikaenda asubuhi ikasimama nyuma ya vibanda, watu wakinunua na kuuza, mpaka mchana ikaondoka. Mzee alikuwa amesema baada ya soko. Kule "nyuma ya" ni baada ya, na "mbele ya" mara nyingi ni kabla ya. Walikuja jioni, soko limekwisha, wakabeba vijana watatu. Wawili walirudi.

Tangu siku ile sikupokea tena neno la wakati au la mahali bila kulirudia kwa njia nyingine. Jua litakuwa wapi? Akina mama watakuwa wamerudi shamba au bado? Ukisimama hapa, ni upande huu au ule? Muulize mtu ataje saa, kisha aoneshe kwa mkono. Hata saa yenyewe, hakikisha mnahesabu namna moja, maana kule aliyezoea Kifaransa anaweza kusema saa kumi na nane akimaanisha saa kumi na mbili jioni. Na usimcheke mtu anayesema "batu" na "bakimbizi". Hicho ndicho Kiswahili chake, na ndicho atakachokuitia usiku akikuhitaji.

Baada ya Kiwanja, MONUC ilianza kuajiri Wakongomani wa kuunganisha kambi na vijiji, na kugawa simu na namba za kupiga hatari ikikaribia. Kwa maoni yangu hakuna kitu kilichookoa roho nyingi kwa gharama ndogo kama hicho. Lakini anayepiga simu ile anahatarisha shingo yake. Mtu wa waasi anaweza kuwa jirani yake, au shemeji yake. Kwa hiyo usiandike jina lake kwenye daftari unalotembea nalo. Usisimamishe gari la deraya mlangoni kwake mchana kweupe ukamshukuru. Mkikutana sokoni, msalimie kama unavyosalimia wengine wote. Nimeona maofisa wema kabisa wakimweka mtu hatarini kwa kumbatio la shukrani.

Na ahadi. Utajisikia kusema "msiogope, tupo". Usiseme. Mama aliyeambiwa hivyo analala nyumbani usiku ambao angelala msituni. Juni 2014, Mutarule, Kivu Kusini, watu zaidi ya 30 waliuawa usiku mmoja, na walinda amani walikuwa umbali wa kilomita 9. Sema unachoweza: habari hii nitaifikisha kwa kamanda leo, na kesho nitarudi kukuambia alivyojibu. Kisha urudi kweli, hata kama jibu ni hapana. Kurudi na hapana kulinipatia imani ya watu kuliko chochote kingine nilichofanya kule.

Kuhusu wanawake na wasichana sina maneno mengi. Kanuni za Umoja wa Mataifa tangu 2003 zinakataza kununua ngono, na zinakataza kumgusa mtu wa chini ya miaka 18. Kashfa ya Bunia ya 2004, ya walinda amani waliowatumia wanawake na wasichana kwa ngono, bado haijasahaulika. Mwenye njaa hawezi kukukubalia kwa hiari. Ukimwona mwenzako anafanya, ripoti, hata kama mlitoka kijiji kimoja.

Utaitwa mtalii mwenye silaha. Julai 2022 hasira dhidi ya MONUSCO ililipuka Goma, Butembo na kwingineko, wakafa watu zaidi ya 30, wanne wao walinda amani. Yaliyofanyika Semuliki, upande wa Beni, pia uyajue: Desemba 7, 2017 waasi wa ADF waliivamia kambi na kuua askari 14 wa Tanzania usiku mmoja. Waliokufa kule walikuwa kazini. Mambo yote mawili ni kweli, na mtu wa Beni anayajua yote mawili. Akikulaumu, msikilize mpaka amalize, maana katikati ya lawama ndimo mara nyingi anapotaja barabara ambayo watu wameacha kuipita.

Jambo la mwisho watu hulisahau. Vikosi hubadilishwa kila mwaka, wakati mwingine upesi zaidi, na kila kikosi kikiondoka huondoka na yote kiliyojifunza. Usimwachie anayekupokea karatasi ya namba za wanakijiji wanaokupigia tu. Nendeni pamoja, kimyakimya, akaonane na watu hao uso kwa uso. Mwambie huyu ni mwoga lakini hajawahi kusema uongo, yule hutia chumvi, na mama huyu hupiga mara moja tu na kukata, maana salio halimtoshi. Ukiona namba yake, saa yoyote ile, piga wewe.