Kuhamia Bukoba sababu ya shule kufungwa Kampala

Dada pole, umeuliza kama mhame Kampala na watoto, mdogo na yule wa P7 (darasa la saba), mwende Bukoba, Tanzania, kwa bibi yao maana shule za Uganda zimefungwa tena Juni hii 2021 kwa ajili ya korona. Nakuelewa kabisa, wa kwangu wa P2 (darasa la pili) hajakanyaga darasani tangu Machi 2020, ni TV tu asubuhi mpaka jioni.

Tanzania kweli walifungua tangu mwisho wa Juni 2020, ila angalia lugha kwanza. Shule za msingi za serikali kule hesabu, sayansi, vyote ni Kiswahili, na Kiswahili cha watoto wetu hawa wa Kampala si unakijua, cha kuombea maji tu (wangu anachanganya na Luganda!). Zile za ingilish midiamu zipo lakini ada zake ulizia mapema kabla hujafunga mizigo. Mdogo atazoea haraka, mpeleke hata kesho. Huyo wa P7 mi nisingemgusa, silabasi tofauti na PLE (mtihani wa Uganda wa kumaliza shule ya msingi) iko mbele, mtafutie tyuta hapo mtaani mkichanga na majirani wawili watatu. Na baba yao abaki na duka lake, msihame wote kwa mpigo.