Skonzi zako haziumuki? Anzia kwenye maziwa

Juzi msomaji mmoja aliniandikia: "Dada, nimefuata kila hatua lakini skonzi zimetoka ngumu kama mawe. Nimekata tamaa." Ujumbe ule nimeusoma mara tatu, maana yaliyomkuta yalishanikuta.

Siku hiyo wakwe walikuwa wanakuja. Nilitaka wale skonzi za mdalasini nilizozikanda kwa mikono yangu. Nikachemsha maziwa, nikayamimina kwenye hamira yakiwa bado yanafuka mvuke, nikidhani joto likizidi ndivyo unga utakavyowahi kuumuka. Saa ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, donge liko palepale chini ya bakuli, zito, baridi. Nikalioka hivyohivyo. Mgeni mmoja akauma kipande, akakirudisha kwenye sahani taratibu, akasema, "Bora ungenunua tu." Miaka imepita, lakini kila nikishika unga nalisikia neno lile.

Hamira ni kiumbe hai, jamani. Ikikutana na joto la nyuzi 60 inakufa. Maziwa yawe vuguvugu, nyuzi 38 hivi. Ukichovya kidole usisikie moto wala baridi. Tia hamira na kijiko cha sukari, subiri dakika 10. Ikitoa povu, endelea. Isipotoa, mwaga uanze upya, kuliko kupoteza unga wote.

Mimi natumia unga wa ngano nusu kilo, maziwa mililita 250, yai 1, siagi gramu 75, sukari gramu 75, hamira kavu gramu 7 na chumvi kijiko kimoja cha chai. Donge litakunatia vidoleni, na hapo ndipo wengi wanapoharibu: wanaongeza unga, wanaongeza tena, halafu wanashangaa skonzi zimekauka. Acha kuongeza unga! Endelea kukanda dakika 10 hadi 12, litaachia lenyewe. Kata kipande kidogo, kivute polepole kwa vidole. Kikiwa chembamba hadi mwanga unapenya bila kuchanika, umemaliza.

Likishaumuka mara mbili ya ukubwa wake, lisukume, paka siagi, nyunyiza sukari na mdalasini, kunja kama mkeka. Usikate kwa kisu kizito, kinabonyeza. Pitisha uzi safi chini, uupishanishe juu, vuta. Nilipoona mizunguko inabaki duara kamili kwa mara ya kwanza, nilimwita kila mtu jikoni aje aone.

Zipange kwenye trei, uziache ziumuke tena dakika 30 hadi 45. Hapa ndipo uvivu unapotuponza. Usiangalie saa peke yake, maana jikoni kukiwa na baridi zitachelewa. Bonyeza kwa kidole: alama ikirudi polepole, peleka kwenye oveni ya nyuzi 180, dakika 20 hadi 25.

Jumamosi iliyopita yule mgeni alikuja tena. Alikula mbili, kisha akaniomba nimfungie nyingine za kwenda nazo nyumbani. Sikumkumbusha lolote. Nilizifunga zikiwa bado za moto, nikamkabidhi.

Kwa hiyo, mdogo wangu uliyeniandikia, usitupe hamira iliyobaki. Pasha maziwa leo jioni, na kabla hujagusa unga nitumie picha ya povu.